Unadaiwa deni la miaka mingi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Haya yanahusu mkopo wa mtu binafsi usio na dhamana: mkopo wa simu, wa benki, wa sako, au pesa ulizokopeshwa na mtu kwa maandishi. Kama uliweka rehani logibuku ya gari, pikipiki au hati ya shamba, sheria zake ni nyingine, na mdai anaweza kuwa na haki ya kuichukua mali hiyo bila kwanza kwenda mahakamani. Huko mwone wakili mapema.

Nimepigiwa simu leo kuhusu mkopo wa 2017. Nianzie wapi?

Usilipe chochote, usiahidi chochote, wala usijibu kwa matusi. Chukua kalamu umuulize mambo manne: mkopo ulitolewa na nani, yeye anayepiga anafanya kazi na kampuni gani, kiasi cha mkopo wenyewe kilikuwa ngapi kabla ya riba, na malipo ya mwisho yaliingia tarehe gani. Andika majibu pamoja na saa ya simu na namba iliyopiga.

Mawakala wengi wa madeni hupewa orodha yenye jina, namba ya simu na jumla ya deni tu. Tarehe ya malipo ya mwisho mara nyingi hawana, na hiyo ndiyo tarehe unayoihitaji kuliko zote. Kwa hivyo maliza simu kwa kusema: "Nitumie kwa maandishi." Kisha usiendelee kubishana. Akikutumia ujumbe, mjibu hivi:

"Nimepokea ujumbe wenu wa tarehe (andika). Sikiri wala sikatai deni hili. Naomba mnitumie nakala ya mkataba, taarifa kamili ya malipo tangu mkopo ulipotolewa, na barua ya mkopeshaji inayowapa mamlaka ya kudai kwa niaba yake. Ujumbe huu si kukiri deni."

Sentensi ya mwisho usiisahau. Sababu yake iko katika jibu linalofuata.

Wakala anasema nitume hata mia tano kuonyesha nia njema. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Sheria ya Kenya kuhusu muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, humpa mdai wa deni la mkataba miaka 6 ya kwenda mahakamani. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 23, inasema mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye sahihi yake, miaka 6 huanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo.

Chukua mfano. Mtu wa Kisauni alikopa 40,000, akatakiwa kumaliza tarehe 30 Juni 2018, asilipe. Mdai alikuwa na muda mpaka Juni 2024. Sasa tuseme Machi 2021 alipigiwa simu akiwa sokoni Kongowea, akatuma 500 ili apate utulivu. Kwa hiyo mia tano, mdai amepata muda mpaka Machi 2027. Deni halikupungua kitu cha maana, na muda uliokuwa ukimlinda umerudi mwanzo.

Ndiyo maana wakala hung'ang'ania kiasi kidogo. Pia hupenda ujumbe wa kuomba muda, kama "nipeni mpaka mwisho wa mwezi nimalizane nanyi". Wewe umeandika kwa adabu, lakini mbele ya hakimu maneno hayo yanaweza kusomwa kama kukiri. Usiyaandike kabla hujajua tarehe zako.

Miaka 6 huhesabiwa kuanzia lini hasa?

Kuanzia siku ulipovunja mkataba, yaani siku malipo yalipostahili kufanyika yasifanyike. Si siku uliyokopa. Mkopo wa siku 30 uliochukuliwa tarehe 1 Machi huanza kuhesabiwa mwisho wa siku hizo 30. Mkopo wa mafungu hutegemea mkataba: baadhi huufanya mkopo wote udaiwe mara moja fungu moja likikosekana, na mingine hapana.

Usitegemee kumbukumbu. Piga *334# uombe taarifa ya M-Pesa, itumwe kwa barua pepe, uangalie tarehe ya mwisho uliyotuma pesa kwa mkopeshaji. Kama mkopo ulikuwa wa kujikata wenyewe kila pesa inapoingia kwenye simu au akaunti, angalia na makato hayo pia, kwa sababu mkopeshaji anaweza kudai kuwa ni malipo. Mkopo wa benki, omba taarifa ya akaunti kwenye tawi.

Kuandikishwa CRB (kampuni zinazotunza historia za mikopo ya watu), kubadilisha kampuni ya mawakala, au kutumiwa barua mpya ya madai hakuanzishi hesabu upya. Ni malipo yako na kukiri kwako tu.

Basi miaka 6 ikipita, deni limefutika?

Hapana. Kinachozuiwa ni kesi. Mdai bado anaweza kukuomba umlipe, kwa staha, na dini au dhamira yako inaweza kukutaka ulipe. Hilo ni lako kuamua, na watu wengi wa pwani huchagua kulipa kwa sababu hawataki kwenda kaburini na deni. Tunachosisitiza ni kwamba ulipe kwa kuchagua mwenyewe, si kwa kuogopeshwa na kesi isiyoweza kusimama.

Na jambo la pili: mdai akifungua kesi hata baada ya muda kupita, lazima ujibu na kuandika kwenye utetezi wako kwamba muda wa kisheria umekwisha. Ukinyamaza, hukumu inaweza kutolewa bila wewe. Hukumu ikishatoka, miaka 6 haina kazi tena: hukumu ina uhai wa miaka 12.

Nilikopa 12,000, leo nadaiwa 58,000. Inawezekana?

Kwa benki, sheria ya mabenki, kifungu cha 44A kilichoanza kutumika 2007, inaweka ukomo. Mkopo ukishaharibika, yaani malipo yake yakikwama, riba inayoweza kudaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku ulipoharibika. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zilileta ukomo wa aina hiyo kwa wakopeshaji wa kidijitali. Kwa hiyo kama ulibakisha 12,000, riba juu yake haipiti 12,000. Jumla ni 24,000, kuongeza gharama halisi za ufuatiliaji. Gharama hizo waambie wazionyeshe kwa risiti. "Ada ya usumbufu" ya 9,000 isiyo na karatasi ipinge.

Andika: "Naomba mchanganuo: mkopo uliobaki siku ulipoharibika, riba, adhabu, na gharama, kila kimoja peke yake." Tofauti kubwa za hesabu hujitokeza hapo. Ukomo huu hauhusu riba iliyoamriwa na mahakama baada ya hukumu, wala pesa za chama cha mtaani au za jirani.

Wamewapigia mama mkwe na bosi wangu. Wana ruhusa?

Hawana. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho au lugha chafu, kuingia kwenye orodha ya majina ya simu yako ili kuwatumia watu ujumbe, kuwapigia watu hao, au kuanika habari zako mtandaoni ili kukuaibisha. Mkopeshaji akikodi wakala, hajatua mzigo huo. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayomlinda hata mama mkwe mwenyewe: namba yake ilitumiwa bila ridhaa yake, naye anaweza kulalamika kwa jina lake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 kwa mchezo huu.

Mwombe kila aliyepigiwa apige picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, na asifute ujumbe. Sauti za WhatsApp zihifadhi. Kisha peleka lalamiko kwa mkopeshaji kwa maandishi, na kwa Ofisi ya Kamishna kupitia tovuti yake. Huko hulipi kitu, na sheria inaipa ofisi siku 90 kumaliza uchunguzi. Kuhusu leseni, lalamika Benki Kuu; orodha ya wakopeshaji wenye leseni iko kwenye tovuti yake, na tawi la Mombasa liko barabara ya Nkrumah. Kosa linalowaangusha wengi hapa ni kufuta ujumbe kwa hasira au aibu. Malalamiko bila picha hayafiki mbali.

Lalamiko likikubaliwa, fidia au faini haifuti deni. Ni mambo mawili tofauti.

Nimeambiwa nitakamatwa na polisi Ijumaa jioni.

Ijumaa huchaguliwa makusudi, ili uone sura ya kulala ndani mpaka Jumatatu. Kushindwa kulipa mkopo ni madai ya kiraia, na polisi si wakusanya madeni. Mambo hubadilika pale tu penye tuhuma ya jinai, kama hundi iliyokataliwa benki au kupata pesa kwa udanganyifu, mfano kutumia kitambulisho cha mtu mwingine.

Akikupigia mtu anayejiita afisa, uliza jina, kituo, na namba ya tukio kwenye kitabu cha kituo. Kisha wewe mwenyewe nenda au piga kituo hicho, iwe Central, Makupa, Likoni au Nyali, uulize. Wale wa kubuni hukata simu ukifika kwenye namba ya tukio. Kama ni afisa wa kweli anayedai malipo kwa niaba ya mkopeshaji, mlalamikie kwa mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, IPOA.

Barua ya wakili imefika. Hiyo ni kesi?

Bado. Ni notisi ya madai, hatua ya kabla ya kesi, na kwa kawaida hutoa siku kadhaa za kujibu. Hakikisha wakili yumo kwenye orodha ya mawakili ya Chama cha Wanasheria, LSK, maana barua zenye nembo za kuchora nyumbani zipo. Jibu ukitumia maneno ya ule ujumbe wa mwanzo, ndani ya muda uliotajwa.

Nimetumiwa samansi kwa WhatsApp. Nipuuze?

Usithubutu! Tangu 2020 kanuni za mahakama zinaruhusu samansi kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe wa simu. Soma namba ya kesi, jina la mahakama na mwaka, kisha uzipeleke kwenye masijala ya mahakama hiyo ukaulize kama kesi ipo. Watu wa Mombasa huchanganya majengo: Mahakama ya Mombasa mjini, Tononoka, na Shanzu ni masijala tofauti, na siku mbili zinaweza kupotea kwa kupanga foleni pasipo.

Madai yasiyozidi shilingi milioni moja huweza kusikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo. Hapo huhitaji wakili, unaweza kujieleza kwa Kiswahili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Una siku 15 za kuweka majibu tangu upokee karatasi. Siku hizo 15 zihesabu pamoja na Jumamosi na Jumapili ili usijidanganye.

Majibu yako yaseme wazi: unakubali nini, unakataa nini, muda wa miaka 6 umepita (kama umepita) na tarehe zake, na hesabu ya riba unayopinga. Ambatisha taarifa ya M-Pesa. Rufaa ya mahakama hii huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu, kwa hiyo ushahidi uliousahau nyumbani hauna nafasi ya pili.

Sikupata samansi yoyote, nashtukia kuna hukumu. Nimechelewa?

Hujachelewa kama utakwenda upesi. Unaweza kuomba mahakama iweke kando hukumu iliyotolewa bila wewe na isimamishe utekelezaji. Hakimu hutazama mambo mawili zaidi: ulipata samansi kweli? Na una utetezi wa kusikilizwa? Omba masijala ikupe nakala ya kiapo cha aliyedai kukuletea samansi. Soma mahali, saa na namba ya simu aliyoitaja. Kama anasema alikukuta nyumbani Changamwe saa tano asubuhi siku ambayo daftari la kazini linaonyesha ulikuwa zamu bandarini, ambatisha nakala ya ukurasa huo. Ambatisha pia rasimu ya utetezi. Ombi lisilo na utetezi huonekana ni la kuvuta muda.

Dalali wa mnada amefika mlangoni. Aweza kubeba vitu?

Kwa mkopo usio na dhamana, hawezi bila waranti ya mahakama. Omba kuona waranti na leseni yake, uvipige picha vyote viwili. Kama havipo, usimfungulie.

Kama waranti ipo, siku ya kwanza kazi yake ni kuandika tu. Kanuni za madalali za 1997 zinamtaka aorodheshe mali, kila kitu na hali yake na bei ya makadirio, na akupe notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 7 za kukomboa mali hiyo. Anayekuja na pikapu akabeba friji siku ile ile amevunja kanuni, na Bodi ya Leseni za Madalali hupokea malalamiko ya aina hiyo. Soma orodha kabla ya kutia sahihi. "Televisheni moja" haitoshi. Iandikwe aina na ukubwa, na bei isiwe ya kutupa.

Kuna vitu haviguswi, na kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinavitaja: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko yako, ya mke na ya watoto, pamoja na zana unazotegemea katika ufundi wako. Cherehani ya fundi nguo isalie palipo. Sofa, redio na friji havina kinga hiyo. Mshahara nao umelindwa kwa theluthi mbili, maana yake theluthi moja inaweza kukatwa kwa amri ya mahakama, na si kwa simu ya wakala kwa mwajiri.

Kitu kilicho cha mtu mwingine, mfano friji ya dada yako mnayeishi naye, mwenyewe awasilishe pingamizi mahakamani haraka akiwa na risiti yenye jina lake. Kusema kwa mdomo mlangoni hakutoshi.

Naweza kufungwa jela kwa deni?

Hakuna anayefungwa kwa simu ya wakala. Lazima kwanza kuwe na hukumu, kisha uitwe mahakamani kueleza kwa nini usifungwe, na mdai aonyeshe kwamba una uwezo ila hutaki kulipa. Jela ya madai haizidi miezi 6, na ukitoka deni bado lipo. Wito huo nenda nao ukiwa na hati ya mshahara, kodi ya nyumba na karo za watoto, uombe kulipa kwa mafungu. Mahakama inaweza kuamuru mafungu hata mdai akikataa, ikiona sababu ya kutosha. Wanaopata taabu ni wale wasiofika.

CRB nao?

Kwa kawaida mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kukuandikisha, na deni lililo chini ya shilingi 1,000 haliandikishwi. Omba ripoti yako kwa TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya nakala moja bure kila mwaka. Ukishalipa, hali hubadilika kuwa "imelipwa" lakini historia husalia miaka 5. Anayekuahidi kukufuta CRB kwa 3,000 leo hii anakuibia.

Baba amefariki, wanamdai. Watoto tunalipa?

Kutoka mifukoni mwenu, hapana. Deni huangukia mali ya marehemu, na hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Hivyo ndivyo ilivyo katika Sheria ya Urithi na pia kwa Mwislamu katika Mahakama ya Kadhi. Mdai alete ushahidi kwa msimamizi wa mirathi, naye msimamizi ahakikishe kama miaka 6 haijapita. Msitume pesa wakati wa matanga. Mawakala hupiga simu siku hizo kwa sababu moyo wa mfiwa ni mwepesi.

Vivyo hivyo kwa mke, mume au ndugu: sheria ya mikataba, Sura ya 23, haimbani mtu kwa deni la mwenzake mpaka aandike na kutia sahihi kwamba anamdhamini. Jina lako kuwekwa kama mtu wa kuulizwa habari si udhamini.

Deni si langu kabisa.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama kuna usiyoijua, ripoti kwa kampuni ya simu na polisi, kisha umpe mkopeshaji nakala ya ripoti. Kama namba yako zamani ilikuwa ya mtu mwingine, waambie hivyo kwa maandishi na waiondoe.

Nimehakiki, deni ni la kweli na nataka kulimaliza. Nilipe vipi?

Wakala atakukumbusha kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, na dawa hupimwa kabla ya kunywewa. Pima unachoweza kutoa kila mwezi baada ya unga, kodi na karo, kwa sababu makubaliano yaliyovunjika mwezi wa pili hukuacha pabaya kuliko ulipoanza: umekwisha kukiri, na hesabu imeanza upya.

Ukiwa na pesa za mkupuo mmoja, toa ofa. Deni kuukuu mara nyingi hukubaliwa kwa chini ya jumla, hasa riba na adhabu. Kabla ya kutuma hata shilingi, pata barua ya mkopeshaji, si ya wakala peke yake, inayosema kiasi fulani kikilipwa kufikia tarehe fulani, deni lote limekwisha. Bila maneno "deni lote limekwisha", salio huuzwa au hukabidhiwa kampuni nyingine, na baada ya mwaka simu zinaanza tena.

Tuma kwa namba ya pei bili ya mkopeshaji yenyewe, kamwe si kwa namba binafsi ya wakala, na uweke namba ya akaunti ya mkopo wako. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, chapisha nakala. Kisha dai barua ya kumaliza deni, na baada ya wiki chache omba ripoti ya CRB uone kama wamebadilisha.

Msaada wa kisheria bila malipo uko wapi Mombasa?

Kituo cha Sheria kina ofisi hapa mjini, na pia iko Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Nenda na kitambulisho, mkataba kama upo, taarifa ya M-Pesa, picha za ujumbe zilizopangwa kwa tarehe, na karatasi yoyote ya mahakama pamoja na bahasha yake. Kama una samansi, sema hivyo mlangoni, kabla ya kupanga foleni, kwa sababu siku zako 15 zinakwenda.